Sura ya Sita: Mbwa Anayejua Hodi

Ndala ya mtoto ndiyo iliyonifungua macho. Ilikuwa mwezi wa Juni, saa 12 na nusu asubuhi, baridi ya Songea imekaza na ukungu bado umeufunika mlima Matogoro. Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya uchochoro hapa Majengo, kamba mkononi, mbwa wangu ubavuni. Upande wa pili wa njia alikuwa anakuja mtoto wa kiume aliyetumwa vitumbua, mbali kama hatua 30. Mbwa alimwona, akasimamisha masikio, akatulia. Nikajipongeza kimoyomoyo. Mara ndala ya mtoto ikachomoka mguuni, naye akainama kuiokota.

Sijui kilichotangulia kilikuwa sauti au mvuto wa kamba. Mbwa alisimama kwa miguu ya nyuma, akabweka mpaka sauti ikamkwaruza, na kamba ikanichuna kiganja. Mtoto alitimua mbio, ndala akaiacha palepale.

Nilimfunga mbwa nyumbani, nikaipeleka ile ndala kwa wenyewe. Bibi wa mtoto alikuwa barazani anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba, mwanangu." Akaipokea ndala, akaikung'uta vumbi. "Hakung'atwa, tumshukuru Mungu. Lakini wewe unadhani mbwa wako kaona ndala? Mbwa wa hapa mtu akiinama anajua anaokota nini."

Anaokota jiwe. Kila aliyekulia mitaa hii anaijua hila hiyo: mbwa usiyemfahamu akikujia, inama, hata kama chini hakuna kitu, naye atageuza njia. Nimeifanya mwenyewe tangu niko darasa la pili. Tumewafundisha mbwa wetu kizazi baada ya kizazi kwamba binadamu akiinama, kinachofuata ni maumivu. Halafu mmoja akibweka kabla jiwe halijarushwa, tunasema ana wazimu.

Mbwa huyo anaitwa Sijali. Jina nilimkuta nalo. Wengine huwapa mbwa majina ya kuwapasha majirani, na yule aliyempa hilo bila shaka alikuwa na mtu wake. Sijali mwenyewe alijali kila kitu: bodaboda, mwamvuli unaofunguliwa, mama mwenye ndoo kichwani, mzee wa kanzu, na mbwa mwenzake hata akiwa nukta tu kule mwisho wa barabara. Mbwa wa aina hii nitamwita mbwa mwenye jazba. Hachagui nani wa kumbwekea, na akishapanda hashuki kwa kuitwa. Sura hii ni yake.

Mlinzi anayepiga kelele kutwa

Utaniuliza: kwani mbwa si tunamfuga awe mkali? Tunabandika hata kibao getini, MBWA MKALI, wengine hawana hata mbwa.

Mwaka wa kwanza wa Sijali waliniibia kuku watano. Alibweka usiku mzima. Majirani walimsikia, nami nilimsikia, nikageukia upande wa pili nikavuta blanketi. Kwa nini niamke? Alibweka hivyo kila usiku, kwa paka, kwa upepo, kwa mlevi anayerudi zake kwao. Asubuhi nilikuta manyoya uani na Sijali amelala hoi.

Mbwa anayembwekea kila mtu hana habari ya kukupa. Mlinzi wa maana ni yule anayenyamaza kwa mpita njia, akanyamaza kwa jirani, akapaza sauti mtu anapopanda ukuta saa 8 usiku. Kumtuliza mbwa mwenye jazba hakumwondolei ulinzi. Kunaurudishia mbweko wake thamani.

Ng'onda halikunjwi

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kwa mbwa walipatia kabisa. Mwaka 1965 watafiti wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichapisha kitabu kilichotokana na miaka mingi ya kuwalea na kuwapima watoto wa mbwa. Waligundua kwamba kuna dirisha, kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 hivi, ambamo mtoto wa mbwa hupokea kwa urahisi watu, wanyama na vishindo vya dunia. Anachokizoea humo hukiona cha kawaida maisha yake yote. Dirisha likifungwa, kigeni huwa tishio mpaka kithibitike vingine.

Sasa tazama tunavyofanya. Mtoto wa mbwa analetwa nyumbani akiwa na miezi miwili, anaingizwa bandani. Mchana anafungiwa asizoee watu, "ili awe mkali", usiku anafunguliwa. Dirisha linafungwa akiwa ameona mbao za banda na mkono unaoleta ugali. Akitoka, kila sura ni ya kwanza kwake. Sijali alilelewa hivyo kwa miezi minane kabla sijampata.

Wenye mtoto wa mbwa mchanga, anzeni leo: abebwe, aone bodaboda, asikie adhana na kengele ya kanisa, ashikwe na wazee kwa watoto. Lakini wengi wetu tuna samaki aliyekwisha kukauka. Ng'onda ukilikunja kwa nguvu linavunjika. Hulowekwa kwanza, tena kwa maji ya kutosha na muda wa kutosha. Kurasa zinazofuata ni za kuloweka.

Kabla ya yote

Mbwa aliyekuwa mpole akabadilika ghafla, akawa mkali, mlegevu, anatokwa na mate au anashindwa kumeza, usimfundishe chochote. Kaa mbali, zuia watu, mwite afisa mifugo. Kichaa cha mbwa hakitibiki dalili zikishaanza, kwa mbwa wala kwa binadamu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa Tanzania hupoteza watu wapatao 1,500 kila mwaka kwa ugonjwa huu, na kwa dunia nzima kadirio la baadaye lilifika watu 59,000. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo. Mbwa achanjwe kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Mimi naanza na hili kwa sababu jirani ana haki ya kumwogopa mbwa wako mpaka umwonyeshe kadi ya chanjo.

Mwambie pia mtaalamu amkague masikio, meno, viungo, kupe na minyoo. Mbwa mwenye maumivu hana subira, na mazoezi hayaponyi sikio lenye usaha.

Pili, vifaa. Mnyororo wa shingoni unamkaba kila akivuta, naye huunganisha kukabwa huko na mtu aliyemwona. Fundi viatu alinishonea Sijali ukanda wa kifuani kwa mikanda ya begi kuukuu, wenye pete ya kamba mgongoni. Kamba iwe imara, mita tatu hadi tano. Kama mbwa amewahi kung'ata, mvalishe kikapu cha mdomoni kinachomruhusu kuhema na kunywa maji. Usimfunge mdomo kwa kamba, maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Mzoeshe kikapu hicho nyumbani kwa siku kadhaa, ukimlisha ndani yake.

Tatu, mwondolee mahali pa kufanyia mazoezi ya ukali. Sijali alikuwa akifungwa mita mbili kutoka getini, akiona miguu yote ya Majengo ikipita. Kila mpita njia alimbwekea, kila mpita njia akaenda zake, naye akaandika moyoni: nimemfukuza. Hebu hesabu ushindi huo kwa siku moja. Nilimhamishia uani nyuma ya jiko, nikaziba geti kwa turubai. Kelele zilipungua nusu kabla sijamfundisha neno lolote.

Umbali na mapafu

Mwaka 1924, mwanasaikolojia wa Marekani Mary Cover Jones aliandika habari za mtoto aliyemwita Peter, hajatimiza hata miaka mitatu, aliyeogopa sungura mweupe kupita kiasi. Hakumlazimisha kumgusa wala hakumfokea. Alimketisha mezani na chakula akipendacho, sungura akawekwa kwenye tundu mbali asimharibie mlo, kisha akasogezwa kidogo kidogo siku hadi siku. Mwishoni Peter alikuwa akimshika sungura kwa mkono wake. Kazi yote ya kumtuliza mbwa mwenye jazba imo humo: kitu cha kutisha kiwe mbali kiasi cha kuvumilika, na kila kikionekana kilete jambo jema.

Kwa ufundi wa kufundisha kwa chakula hatuna haja ya kwenda mbali. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya akinusa sawasawa husikia mlio mfupi wa "ta", kisha hupewa ndizi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania mwaka 2013, akafanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya shirika la wanyama la PDSA la Uingereza. Hadi anastaafu alikuwa amegundua mabomu ya ardhini 71 na silaha nyingine kadhaa zisizolipuka. Hakuna kiboko kilichomfikisha huko. Panya akifundishika kwa ndizi, mbwa atashindwa kwa nyama?

Badala ya kifaa cha mlio, gonga ulimi. Kwa siku tatu nyumbani, pasipo mtu, gonga ulimi na umpe kipande. Mara 20, pumzika, mara 20 tena. Akisikia ulimi akageuka haraka kukutazama, ameelewa. Chakula kiwe kitamu kuliko ugali wa kila siku. Mimi hununua nusu kilo ya mapafu buchani, nayachemsha bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), nayakata vipande vya ukubwa wa punje ya haragwe.

Kisha nenda mahali pa wazi penye watu mbali. Mimi nilikaa pembezoni mwa uwanja wa mpira, asubuhi, watu wakikatiza upande wa pili, hatua 50. Mtu akitokea, Sijali akimwona tu, nagonga ulimi, nampa pafu, na pafu, na pafu, mpaka mtu apotee. Mtu akipotea, mapafu yanakoma. Mpangilio huu usiupindue. Mtu atangulie, chakula kifuate. Ukitoa nyama kwanza, mbwa atajifunza kwamba mfuko wa nyama unaleta hatari, na siku ya pili utamkuta anaukagua mfuko kwa wasiwasi.

Utajuaje kama umbali ni sahihi? Kila mbwa ana kizingiti. Akiwa upande huu anaona, anafikiri, anakula. Akivuka, masikio yanaziba. Kabla hajavuka anakuonya: anapiga mwayo bila usingizi, anajilamba pua, anageuza kichwa pembeni, mkia unakakamaa, manyoya ya mgongoni yanasimama. Kipimo nilichokitegemea kuliko vyote ni kipande cha pafu. Mbwa anayelikataa pafu amekwisha kuvuka, na hapo mazoezi yamekwisha. Geuka, ongeza hatua kumi, umwache apumue.

Kwa hiyo mfundishe mapema neno la kugeuka. Langu ni "twende". Nililifundisha uani, nikitembea na kugeuka ghafla, pafu likimsubiri upande wa pili. Siku mtu anapochomoza kwenye kona ndipo utakapoona faida yake: unasema "twende" kwa sauti ileile ya nyumbani, na miguu yake inageuka kabla akili haijapinga.

Dakika 10 zinatosha kwa siku. Baada ya wiki mbili hivi utaona kitu kitakachokufurahisha: mtu anatokea, mbwa anamtazama, kisha anageuza shingo mwenyewe kukutazama wewe, kana kwamba anauliza, "Umemwona? Lete." Hapo ndipo unapopunguza hatua tano. Tano tu.

Mimi nilikuwa na pupa. Wiki ya tatu nilikuwa hatua 30 na nikajiona fundi, ndipo ndala ikachomoka. Wiki ya nne nilirudi hatua 50 na kuanza upya, safari hii nikiwa na somo la bibi. Nyumbani nilianza kuinama mwenyewe. Nainama kidogo, pafu. Nainama mpaka chini, pafu. Naokota kijiti, pafu. Siku za kwanza Sijali alirudi nyuma mpaka ukutani, na mimi ndiye ninayemlisha. Hapo nilielewa ukubwa wa deni tunalodaiwa.

Haba na haba hujaza kibaba, na hofu nayo hujaa hivyohivyo. Radi usiku, lori la makaa likipiga honi asubuhi, mbwa wawili wakigombana nyuma ya ukuta: kila kimoja kinatia punje, na homoni za mshtuko hazishuki mara moja. Jioni akimlipukia jirani aliyemzoea, usiseme amesahau masomo. Kibaba kilikuwa kimejaa. Siku kama hizo, na siku za mechi uwanja wa Majimaji watu wanaporudi na mavuvuzela, sisi hubaki ndani na yeye hupewa mfupa wa kutafuna.

Na fimbo? Mbwa akiunguruma anasema "sogea". Ukimpiga kwa kuunguruma, hofu inabaki ila onyo linakufa, na mbwa asiyeonya anang'ata kimyakimya. Achilia mbali kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Mbwa wa wenzako

Mbwa wenzake ni mtihani mkubwa zaidi, kwa sababu wengi wa hapa hawana kamba. Kwa mbwa, kujiana uso kwa uso kwenye njia nyembamba ni ufidhuli, na kamba iliyokazwa inamnyima hata nafasi ya kupinda. Wewe ndiye umpindishie njia: zunguka kwa upana kama unayekwepa dimbwi.

Tafuta jirani mwenye mbwa mtulivu. Tembeeni upande mmoja, mwelekeo mmoja, barabara ikiwa katikati, kila mtu na mfuko wake wa nyama. Msisimame, msiwakutanishe wanuse. Baada ya siku kadhaa jongeleaneni nusu ya barabara. Sijali na jike mmoja wa mtaa wa pili walitembea hivyo mwezi mzima kabla hawajanusana, na waliponusana ilikuwa sekunde tatu, tukaendelea na safari.

Mbwa huru akikujia, usiokote jiwe. Unajua nani mwingine anatazama. Simama mbele ya mbwa wako, tupa konzi ya mapafu miguuni pa mgeni, uondoke yeye akiokota.

Chagua na majira. Masika, mahindi yakishapita kimo cha mtu kandokando ya nyumba, vichochoro vya Majengo vinakuwa kama korido, na unakutana na mtu pua kwa pua. Usianze mazoezi wakati huo. Subiri mavuno, mabua yakatwe, macho yaone mbali.

Majirani nao wana masomo

Wanaokwenda swala ya alfajiri wana sababu ya kumkwepa mbwa. Mate yake ni najisi nzito kwa madhehebu ya Shafi, na yakigusa nguo au mwili, sehemu hiyo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu ametia udhu, kanzu safi, halafu mbwa wako anamrukia. Kamba haitoshi kama haina adabu. Mimi huvuka barabara kabla yao, namweka Sijali upande wa ukuta, natoa salamu. Miezi miwili baadaye mzee mmoja aliyekuwa hanijibu alisimama ng'ambo na kuuliza, "Huyu ndiye yule mpiga kelele?" Hakujua kwamba kwa kusimama pale dakika nzima bila kufanya lolote alikuwa mwalimu bora niliyempata wiki hiyo.

Ndivyo unavyowaomba watu: wasimguse, wasimkodolee macho, wasimwite. Wapite tu. Kijana wa bodaboda wa kijiweni alikubali kupita polepole mara tano kwa bei ya soda. Watoto wafundishwe kusimama wima kama mti mbwa akiwajia, mikono kifuani, bila kukimbia. Lakini usimfanyie mbwa wako mazoezi kwa watoto wa watu bila kikapu mdomoni.

Hodi

Kwa Sijali neno "hodi" lilikuwa filimbi ya vita. Nililigeuza kuwa filimbi ya chakula. Nilitandika gunia kwenye kona ya uani, nikawa nasema "hodi" mwenyewe, kwa sauti ya chini, na kutupa mapafu juu ya gunia. Kisha mke wangu akawa anasema kutoka jikoni, kisha kutoka getini, kisha rafiki kutoka nje. Hodi, gunia. Hodi, gunia. Nilianza Agosti, kufikia Novemba, mvua zikinukia, mtu akibisha Sijali alikuwa akikimbia kwenda kukaa, nami hujibu "karibu" nikishamfunga kamba.

Mwezi huo bibi alimtuma mjukuu wake aje kuazima chekecheo. "Hodi!" Sijali akaenda guniani, nikamfunga. Mtoto alifika mlangoni, akamtazama, akanitazama, kisha kwa adabu za kwao akainama kuvua ndala.

Sijali aliinuka. Miguu ya mbele ilitoka kwenye gunia, ya nyuma ikabaki. Niligonga ulimi, nakiri nilichelewa. Akageuza shingo. Akaketi. Pafu.

"Kaniangalia tu," mtoto akasema.

Bado ana mwamvuli wa kumaliza, na masika yanakuja. Lakini siku hizi Sijali akibweka usiku, mimi huamka.